Nani Alimtendea Nani Nini: Mtunga Programu Aliyegeuka Shahidi wa Mahakama

Nilipomaliza mtihani wa Serikali, kabla ya kuanza chuo kikuu, nilipata kibarua cha kuandika majina. Shirika moja lilikuwa likigawa chakula kwa wakimbizi wa ndani kwenye mwambao wa Ziwa Kivu, upande wa Kalehe, nasi vijana wanne tulikaa chini ya turubai tukinakili kwenye kompyuta majina yaliyoandikwa kwa kalamu na machifu wa vijiji. Kazi ya wiki ya mwisho ilikuwa kuondoa majina yaliyojirudia. Kwetu kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa jina la ubatizo mahali pamoja, kwa jina la ukoo mahali pengine, na kwa jina la mtoto wake wa kwanza mahali pa tatu. Jina Cikuru huandikwa pia Chikuru, kutegemea kama mwandishi alisoma kwa tahajia ya zamani ya mapadri au la. Umri hukadiriwa kwa vita: "alizaliwa mwaka wa Mulele," au "alikuwa msichana AFDL ilipofika."

Nikaunganisha wanawake wawili wakawa mmoja. Jina lilikuwa moja, kijiji kimoja, umri ulipishana mwaka mmoja. Siku ya mgao mmoja wao akaambiwa jetoni yake imeshachukuliwa. Alikuja kwenye meza yangu bila kelele, akatazama mstari nilioufuta, akasema: "Mwanangu, huyo si mimi. Tunaitwa sawa tu." Nilimwambia, "Pole, Mama, tutatengeneza." Kutengeneza kulichukua migao miwili. Katika muda huo alikula kwa majirani.

Naanza na jambo hilo kwa sababu bila hilo nisingeelewa kwa nini mtu aliyesomea kompyuta na sosholojia aliitwa mahakamani The Hague, Guatemala na Dakar kueleza habari za watu waliouawa. Mwaka wa pili wa masomo, mwalimu wetu wa mbinu za historia alitupa sura moja ya ripoti ya tume ya ukweli ya Guatemala tuisome na kuieleza darasani. Wenzangu waliongelea siasa. Mimi nilisimama kwenye kiambatisho cha takwimu, mahali walipoeleza jinsi walivyoamua kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Nilisoma kurasa zile usiku kucha. Jina la Patrick Ball nililikuta hapo.

Ball ni Mmarekani. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Columbia alijilipia masomo kwa kazi ya kutunga programu za kompyuta, hasa zile za kutunzia kumbukumbu. Baadaye alipata udaktari wa sosholojia katika chuo kikuu cha Michigan. Mwaka 1991 alikwenda El Salvador kama mtu wa kujitolea. Vita vya nchi hiyo, vilivyoanza mwaka 1980, vilikuwa vinakaribia kwisha, na tume moja isiyo ya kiserikali ya haki za binadamu ilikuwa na makabati yaliyojaa ushuhuda wa raia: nani alikamatwa, lini, wapi, na kikosi gani. Walihitaji mtu anayejua kompyuta. Naye alijua.

Alichofanya pale, ukikisikia leo, unaweza kudhani ni kitu kidogo. Alitengeneza hifadhidata mbili. Moja ilikuwa ya ushuhuda. Nyingine ilikuwa ya maisha ya kazi ya maofisa wa jeshi, iliyokusanywa kutoka kwenye taarifa za wazi: nani alipandishwa cheo mwaka gani, nani aliamuru kikosi kipi kuanzia tarehe ipi hadi ipi. Kisha akaziunganisha. Ushuhuda uliosema "askari wa kikosi fulani walimchukua mume wangu mwezi fulani" haukuwa na jina la mkubwa wao. Hifadhidata ya pili ilikuwa nalo. Kutokana na kuunganisha huko tume iliweza kuandaa majalada ya maofisa ambao chini yao maovu yalirundikana zaidi kuliko kwa wengine. Baadhi ya maofisa hao walikwenda kushitaki. Makubaliano ya amani yalitiwa saini Januari 1992, na Machi 1993 tume ya ukweli ya Umoja wa Mataifa ikatoa ripoti yake: ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 22,000, na katika karibu asilimia 85 ya visa mashahidi waliwataja mawakala wa dola na washirika wao.

Wakati huohuo, katika nchi hiyohiyo, wanaanthropolojia kutoka Argentina walikuwa wakifukua mifupa ya wanakijiji wa El Mozote waliouawa Desemba 1981. Tunaposema uchunguzi wa kisayansi wa jinai, wengi wetu huwaza hao: koleo, brashi, fuvu lenye tundu la risasi. Ball alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo kwenye karatasi. Nadhani alistahili jina lilelile la mtaalamu wa uchunguzi, ingawa nakubali kwamba mifupa humshawishi hakimu haraka kuliko jedwali.

Kutoka El Salvador alihamia kwenye shirika kubwa la wanasayansi wa Marekani linaloitwa AAAS, na huko akawa fundi wa tume za ukweli. Alisaidia Haiti. Alisaidia Afrika Kusini, ambako Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipokea taarifa za watu zaidi ya 21,000. Mwaka 1996 alichapisha kitabu kifupi cha kuwafundisha wengine namna ya kupanga kumbukumbu hizo, na kichwa chake kwa Kiswahili kingekuwa "Nani Alimtendea Nani Nini?"

Naomba nisimame hapo kidogo, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Kosa ambalo Ball alilikuta katika mashirika mengi lilikuwa hili: waliandika mtu mmoja mstari mmoja, na kwenye mstari huo wakaweka "kosa kubwa kuliko yote." Mtu aliyekamatwa, akateswa, kisha akauawa, alibaki na neno moja tu, "ameuawa." Mateso yalipotea, na kukamatwa kukapotea pia. Mtu aliyekuwa shahidi wa kifo cha kaka yake na wakati huohuo akawa mhanga wa kipigo alilazimika kuchagua awe nani. Ball alisisitiza kwamba tukio ni kitu kimoja, mtu ni kitu kingine, tendo ni kitu cha tatu, na kila kimoja kiwe na jedwali lake na nyuzi za kuviunganisha. Kitenzi cha Kiswahili hufanya hivyo chenyewe. Katika "walimpiga" kuna mtenda, kuna wakati, kuna mtendwa, kuna tendo, vyote katika neno moja, na huwezi kulitamka bila kuvitaja. Lakini lugha yetu pia ina mlango wa kutorokea, nao ni kauli ya kutendwa. Sikilizeni habari za redio zetu za mashariki mwa Kongo: "watu saba waliuawa," "nyumba zilichomwa," na ikizidi sana, "na watu wenye silaha wasiojulikana." Wakati mwingine kweli hawajulikani. Mara nyingine kijiji kizima kinawajua kwa majina yao na ya baba zao.

Guatemala ndiko kazi yake ilikobadilika. Tume ya ukweli ya nchi hiyo, iliyotoa ripoti mwaka 1999, iliandikisha wahanga 42,275. Kati ya waliotambulika, asilimia 83 walikuwa Wamaya, na asilimia 93 ya maovu yaliyoandikwa yalihusishwa na dola na makundi yake. Lakini kila aliyehusika alijua kwamba waliokuja kutoa ushuhuda si wote. Vijiji vingine vilikwisha, hakubaki wa kusimulia. Je, wasioandikwa wanahesabiwaje?

Njia aliyoitumia ilitoka kwa wavuvi, na mimi mtoto wa ziwani nilifurahi kulijua hilo. Mdenmark mmoja aliyeitwa Petersen, mwishoni mwa karne ya 19, alitaka kujua idadi ya samaki bila kukausha bahari. Unavua, unawatia alama, unawarudisha majini, unavua tena. Ukikuta wenye alama ni wengi katika wavu wa pili, basi samaki si wengi. Ukikuta wachache, ziwa limejaa. Weka orodha mahali pa nyavu. Tuseme parokia ina orodha ya marehemu 100, na chifu ana orodha ya marehemu 80, na majina 40 yamo katika zote mbili. Ukijumlisha bila kurudia unapata 140. Lakini parokia ilimpata mmoja katika kila wawili wa chifu; kama orodha hizi hazikutegemeana, yaelekea parokia iliwapata nusu ya marehemu wote. Basi wote ni 200, na 60 hawamo popote. Kama majina ya pamoja yangekuwa 10 tu, makadirio yangeruka hadi 800.

Msomaji makini ameshaona mahali pa hatari. Orodha za parokia na za chifu huenda zinategemeana: katibu wa chifu ni mwalimu wa katekisimu. Ndiyo maana Ball na wenzake walitafuta orodha tatu, nne au zaidi, ili utegemeano huo uweze kupimwa na kusahihishwa. Na mahali pa pili pa hatari ni pale nilipoanguka mimi. Ukiunganisha watu wawili kuwa mmoja kimakosa, majina ya pamoja yanaongezeka, na makadirio yanashuka: umewafuta watu waliokufa kweli. Ukishindwa kutambua kwamba Cikuru ni Chikuru, majina ya pamoja yanapungua, na makadirio yanapanda: umewazulia wafu wasiokuwapo. Kila kinachofuata katika hesabu kinategemea uamuzi huo mdogo wa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, amechoka, saa kumi jioni.

Mwaka 1999 watu walipofurushwa kutoka Kosovo, Ball alikwenda Albania. Kwenye kituo cha mpakani cha Morina askari wa mpaka wa Albania walikuwa wameandika kwa mkono familia zilizovuka, pamoja na vijiji zilikotoka. Hakuna aliyewaagiza wafanye utafiti. Walikuwa wanafanya kazi yao. Ball alinakili kurasa za madaftari hayo. Baadaye akaziweka pamoja na orodha za waliouawa kutoka vyanzo mbalimbali, na makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yalikuwa watu 10,356 waliouawa kati ya Machi na Juni 1999.

Machi 2002 alipanda kizimbani The Hague katika kesi ya Slobodan Milošević. Mshitakiwa alijitetea mwenyewe, kwa hiyo alimhoji Ball ana kwa ana. Swali la mahakama halikuwa idadi tu. Serikali ya Belgrade ilisema watu walikimbia mabomu ya NATO, au mapigano yaliyoletwa na waasi wa Kialbania. Ball aliyachukua madai hayo kama madai ya kupimwa. Kama mabomu ndiyo yaliyowakimbiza watu, basi watu wangekimbia baada ya mabomu na kutoka mahali mabomu yalipoanguka. Kama ni waasi, vivyo hivyo. Akalinganisha tarehe na mahali. Haikuwa hivyo. Mawimbi ya kukimbia na mawimbi ya kuuawa yalipanda na kushuka pamoja, mahali pamoja, kana kwamba yana chanzo kimoja, na chanzo kilichobaki kuendana na takwimu kilikuwa operesheni za majeshi ya Yugoslavia. Alikuwa mwangalifu kusema takwimu zake zinapingana na maelezo mawili ya kwanza na zinaendana na la tatu. Milošević alikufa Machi 2006 kabla ya hukumu.

Uangalifu huo ndio unaonivutia kuliko kitu kingine katika maisha ya mtu huyu. Wanaharakati wengi wangetamani namba iliyo kubwa. Yeye alitoa namba na upana wake, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo ukweli unaweza kukaa. Peru mwaka 2003, tume ya ukweli ya huko, ikitumia hesabu aliyoifanya pamoja na wenzake, ilisema waliokufa ni 69,280, huenda 61,007, huenda 77,552. Walioandikwa kwa majina mbele ya tume walikuwa 23,969. Peru ilishituka. Wapo waliokataa, na mwaka 2019 mtafiti Silvio Rendón alichapisha hesabu mpya akisema idadi ilikuwa karibu 48,000. Ball na mwenzake Daniel Manrique-Vallier wakamjibu kwa maandishi. Sina elimu ya kutosha ya hesabu kuwa mwamuzi wao, ila naona ugomvi huo uliwezekana kwa sababu njia ya kufikia namba ilikuwa imewekwa wazi. Namba isiyoonyesha ilikotoka haina wa kuisahihisha.

Timor ya Mashariki ndiyo kazi yao ninayoipenda zaidi. Kikundi cha Ball, ambacho tangu 2003 kilikuwa ndani ya shirika la Benetech na baadaye, mwaka 2013, kikasimama chenyewe kwa jina la HRDAG, kiliisaidia tume ya huko kuhesabu makaburi. Walizunguka makaburi ya umma wakaandika mawe yapatayo 319,000: jina, tarehe. Wakaongeza mahojiano katika kaya 1,396 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na ushuhuda uliotolewa mbele ya tume. Hesabu yao ya chini kwa miaka 1974 hadi 1999 ilikuwa vifo 102,800 vilivyotokana na vita, na wakavigawa: kama 18,600 waliuawa au kutoweka, na kama 84,200 walikufa kwa njaa na magonjwa zaidi ya vile ambavyo wangekufa wakati wa amani.

Mgawanyo huo ndio unaonirudisha nyumbani. Kila Mkongo amewahi kusikia, na wengi wetu tumesema, kwamba vita vyetu viliua watu milioni sita. Wengine sasa wanasema kumi. Chanzo cha namba hizi ni tafiti za shirika la International Rescue Committee zilizofanywa kati ya 2000 na 2007, ambazo zilikadiria vifo vya ziada milioni 5.4 tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Vifo vya ziada maana yake ni vile vilivyozidi kiwango cha kawaida, na wengi mno katika hao walikufa kwa malaria, kuhara, vichomi na utapiamlo, si kwa risasi. Watafiti wa Human Security Report nchini Kanada walihoji kiwango hicho cha kawaida: watafiti wa kwanza walitumia wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, nao wakasema Kongo ya Mobutu ilikuwa tayari chini ya wastani huo kabla ya risasi ya kwanza. Ukibadilisha kianzio, mamilioni yanayeyuka au yanarudi.

Nilipolieleza hilo nyumbani wakati wa likizo, mjomba wangu alikasirika. "Kwa hiyo mmeenda kusoma ili mtupunguzie wafu?" Sikumjibu vizuri siku ile. Ningeweza kumwambia kwamba mtoto aliyekufa kwa kuhara msituni kwa kuwa zahanati ilichomwa ni mfu wa vita, na kumweka upande wake katika hesabu si kumdharau. Ni kumtafutia aliyechoma zahanati. Ukimrundika pamoja na waliopigwa risasi, mwanasheria wa utetezi atathibitisha kwamba hakupigwa risasi, na hapo ataliangusha rundo zima.

Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa Oktoba 2010, ilikusanya matukio 617 mazito ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ni kazi kubwa, na watu wetu wana haki ya kudai ifuatwe na mahakama. Lakini ni orodha ya matukio. Waandishi wake wenyewe hawakudai kuhesabu wafu wote. Hatujapata bado kitabu chetu cha mawe ya makaburi.

Wapo watakaouliza, mahakama za Kiafrika zitaupokea ushahidi wa namna hii? Zimeshaupokea. Hissène Habré alitawala Chad tangu 1982 hadi 1990. Mwaka 2001 watafiti wa Human Rights Watch waliingia katika jengo lililoachwa la polisi wake wa siri, DDS, mjini N'Djamena, wakakuta karatasi zimetapakaa sakafuni chini ya vumbi. Zilikuwa na majina ya wahanga 12,321, na ndani yake 1,208 walioonyeshwa kuwa waliuawa au walifia kizuizini. Kikundi cha Ball kilizichambua. Baadhi zilikuwa taarifa za kila siku: leo wafungwa ni wangapi, wameingia wangapi, wamekufa wangapi. Makarani wa gereza, kwa utiifu wao, walikuwa wameacha kila kitu kinachohitajika kupiga hesabu ya kiwango cha vifo, na kiwango hicho kilikuwa mara nyingi mno zaidi ya kile cha wanaume wa Chad waliokuwa huru. Mwaka 2015 Ball alieleza hayo Dakar mbele ya Vyumba Maalumu vya Afrika, mahakama iliyoundwa na Senegal pamoja na Umoja wa Afrika. Habré alikaa kimya, amejifunga kilemba, macho nyuma ya miwani myeusi. Tarehe 30 Mei 2016 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Hukumu haikuwa hivyo kila mahali. Aprili 2013 Ball alikuwa kizimbani Guatemala katika kesi ya Jenerali Efraín Ríos Montt. Alieleza kwamba katika eneo la Waixil, kati ya Aprili 1982 na Julai 1983, jeshi liliua kama asilimia 5.5 ya wenyeji wa asili, huku kwa wakazi wasio wa asili katika eneo hilohilo ikiwa asilimia 0.7. Mara nane. Kwa shitaka la mauaji ya kimbari tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu jeshi linalowinda waasi tu lisingekuwa na sababu ya kuchagua kabila kwa kiasi hicho. Tarehe 10 Mei jenerali alipewa miaka 80. Siku kumi baadaye Mahakama ya Katiba ilibatilisha. Alikufa Aprili 2018 kesi ikiwa inaendeshwa upya. Katika nchi hiyohiyo, kumbukumbu za polisi zilizogunduliwa mwaka 2005, kurasa zinazokadiriwa kuwa milioni 80, zilisaidia kuwatia hatiani polisi waliompoteza mwanafunzi na mwanachama wa chama cha wafanyakazi, Edgar Fernando García, mwaka 1984. Daniel Guzmán, mtakwimu wa kikundi cha Ball, alitoa ushahidi katika kesi hiyo mwaka 2010. Mara moja wameshinda, mara nyingine wameshindwa, na hesabu ilikuwa ileile.

Mhadhiri mmoja aliyeisoma rasimu ya insha hii aliniuliza kama si aibu kwamba anayetuhesabia wafu ni Mmarekani mwenye kompyuta. Nililifikiria. Sehemu ya jibu ni kwamba orodha nyingi alizotumia ziliandikwa na wenyeji: makatibu wa tume za Salvador, askari wa mpakani Albania, makarani wa gereza la Chad, akina mama walioweka mawe Timor. Nchini Kolombia, mwaka 2022, tume ya ukweli pamoja na mahakama maalumu ya amani walifanya kazi hii bega kwa bega na HRDAG, wakaandika mauaji 450,664 ya kati ya 1985 na 2018, na kukadiria kwamba kwa kuhesabu wasioandikwa idadi ingeweza kufika 800,000. Wenyeji walikuwa wamejifunza programu. Sehemu nyingine ya jibu sina. Katika idara yetu ya historia hakuna somo la takwimu, na katika idara ya kompyuta hakuna somo la historia, na wanafunzi wake wengi wanataka kwenda kufanya kazi kwenye kampuni za simu. Siwalaumu.

Tangu mwaka jana, mimi na wenzangu wawili tumeanza kunakili vitabu vya marehemu vya parokia mbili za mwambao, kwa ruhusa ya mapadri, kuanzia 1996. Mwanafunzi mmoja wa kompyuta anatutengenezea jedwali. Nilimwomba aweke nafasi ya jina la ubatizo, jina la ukoo, jina la mtoto wa kwanza, jina la baba, kijiji cha kuzaliwa na kijiji cha kufia, na asiruhusu mtu yeyote kufuta mstari, ila kuweka alama tu kwamba huenda wawili hawa ni mmoja, na jina la aliyeweka alama hiyo. Alisema nafasi hizo ni nyingi mno kwa orodha ya majina. Nikamsimulia habari ya yule mama wa jetoni, akaziacha zote.